Hodi ya Fundi Kisuda

Maji yaliingia kwanza chini ya mlango wa nyuma, membamba kama ulimi wa paka, yakalamba vigae vyeupe mpaka yakagusa mguu wa kabati la kwanza. Mwasiti aliyaona akiwa na tambara mkononi. Hakupiga kelele. Alichuchumaa akayafuta, na alipolikamua tambara kwenye ndoo na kugeuka, alikuta mengine yamekwisha kuingia palepale.

"Mjomba Lubuva," aliita. "Njoo uone."

Lubuva, mlinzi wa kituo, alikuja na kikombe chake cha chai. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye utani na kila kiumbe, hata mbuzi waliopita getini. Aliangalia sakafu, kisha tambara.

"Ukimaliza kuukausha mto, unijulishe," alisema. Akafungua mlango wa nyuma, na utani ukamkauka mdomoni.

Mto wa Kondoa, ambao jana ulikuwa mchanga mtupu na watoto wakichezea mpira katikati yake, ulikuwa umejaa kingo kwa kingo, mwekundu, umebeba migomba na milango ya watu. Mjini halikuwa limedondoka hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na sasa ndiyo ilikuwa inafika.

Kituo kilijengwa pale bondeni kwa sababu ya chemchemi, ili maji baridi yapite kwenye mabomba na kupoza seva. Makabati ishirini na manne yalikuwa yakinguruma mchana na usiku, na ndani yake zilikaa pumzi za watu mia tatu na kumi na wawili.

Hao ndio waliopona ile homa ya miaka tisa iliyopita. Waliamka wazima wa kila kitu isipokuwa kimoja: miili yao ilikuwa imesahau kupumua. Mtu akiwa macho na akikumbuka, anaweza kuvuta na kutoa mwenyewe, moja moja, kwa kukusudia. Akisinzia, kifua kinatulia na hakiinuki tena. Kwa hiyo walivaa mikufu. Kila mkufu ulikuwa na kidude cha ukubwa wa punje ya haragwe kilichokaa kwenye koromeo, na kidude hicho kiliongozwa na seva za kituo, ambazo zilijua ruwaza ya kila mmoja, yaani jinsi anavyopumua akipanda mlima, akila, akilia.

Mwasiti alichukua redio ya upepo na kumwita Injinia Mkunde, mkubwa wake aliyekuwa Dodoma.

"Maji yamefika wapi?" Injinia aliuliza.

Mwasiti alitazama ukuta. "Nusu ya tofali la kwanza."

"Ghala liko tofali la ngapi?"

"La tatu, Injinia."

"Zima. Lakini zima kwa adabu, binti. Usivute swichi kubwa kwanza. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Hakuhitaji kuambiwa. Seva hazizimwi kama taa ya chumbani. Kwanza watu wanaarifiwa. Kisha zinanyamazishwa zile seva zinazoongea na mikufu, halafu zile zinazopiga hesabu, na mwisho kabisa ghala, lile linalotunza ruwaza, nalo linapewa muda wa kumaliza kuandika kabla ya kukatiwa umeme. Kazi ya dakika kumi na tano. Umeme ukikatika ghala likiwa bado linaandika, ruwaza zote zinachanika, na hakuna mkufu utakaomjua mwenye shingo yake tena.

Ile hatua ya kwanza ndiyo iliyokuwa ngumu. Mkufu unaweza kujitegemea kwa saa thelathini bila kituo, ila sharti ukabidhiwe pumzi na mwenyewe, akiwa macho. Ukikabidhiwa mtu akiwa amelala, unashika vibaya na kumkaba. Zamani mikufu ilipiga king'ora, na watu wakikisikia walikimbilia nje badala ya kujibu. Fundi Kisuda, aliyekuwa fundi wa kituo, ndiye aliyekiondoa. Alisema watu wa hapa huwezi kuwaingilia bila kubisha. Akaweka hodi, kwa sauti yake mwenyewe. Mkufu unaita hodi mara tatu, mwenyewe anavuta pumzi moja kamili na kujibu karibu, na hapohapo mkufu unaipokea pumzi yake. Asipojibu mara tatu, seva inamuuliza mhudumu: hayupo? Na mhudumu, siku hiyo Mwasiti, ndiye anayebonyeza.

Mwasiti alikaa mbele ya kioo, akapangusa vidole kwenye kanga, akaanzisha.

Kwenye spika ndogo ya ukutani ikasikika sauti nene, ya taratibu, yenye kikohozi kidogo mwanzoni.

"Hodi. Hodi wenyewe. Hodi."

Vinyweleo vilimsimama. Majina yote kwenye kioo yalikuwa ya manjano. Alingoja yaanze kugeuka kijani, kama yalivyofanya kwenye jaribio la mwisho, ambapo yalishikana kijani kama moto kwenye nyasi kavu. Hodi ya pili ikapita. Ya tatu. Likageuka jina moja tu.

"Injinia," alisema kwenye redio, "amejibu mmoja."

"Mmoja kati ya wangapi?"

"Wote. Namba mia moja kumi na saba peke yake."

"Basi watu wamekimbia mafuriko na mikufu imekosa mawimbi. Seva inasemaje?"

"Inauliza kama hawapo."

"Bonyeza hawapo. Hatuna muda."

Mwasiti aliona mkono wake ukienda kwenye kioo, kwa mazoea ya kutii. Akaurudisha magotini.

"Wapo, Injinia."

"Unajuaje?"

"Saa nne asubuhi. Watu mia tatu watakuwa wameenda wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anayeomba radhi, lakini hakubonyeza.

Simu ya Lubuva ikalia. Alisikiliza, uso ukambadilika rangi.

"Ni mama," alisema polepole. Mama yake alivaa mkufu namba arobaini. "Amejifunga mtandio mdomoni. Anasema Fundi Kisuda anambishia hodi shingoni. Majirani nao hivyohivyo, wamejifungia ndani wanasoma dua. Nani amwitikie marehemu?"

Fundi Kisuda alikuwa amezikwa siku hamsini na mbili zilizopita, na mji wote ulimsindikiza. Na pale Kondoa kila mtoto aliambiwa na bibi yake, kabla hata hajajua kusoma, kwamba aliyekufa akikuita unyamaze, kwa maana ukiitika tu umekubali kumfuata.

Jina la namba mia moja kumi na saba lilikuwa Mwajabu Kisuda. Mjane wake.

*

Kosa lilikuwa la Mwasiti, na alilijua lote, kuanzia kichwa hadi mkia.

Wiki moja baada ya mazishi, Injinia alimwagiza arekodi hodi mpya kwa sauti yake mwenyewe. Mwasiti alilala akiiwaza. Tangu utotoni sauti yake ilikuwa ikichekwa. Akijibu darasani mwalimu alimwambia arudie, akirudia wenzake walimwigiza. Aje aiweke shingoni mwa watu mia tatu? Alipokwenda kumpa pole Bi Mwajabu, ndani, kwenye mkeka wa eda, alimtajia ile kazi kwa kunong'ona tu.

Bi Mwajabu alimshika kiganja. "Mwanangu, picha zake nimezifunika. Nguo zake nimezigawa. Hiyo sauti tu niachie, mpaka nitoke eda."

Jaribio lijalo lilikuwa mbali, eda ingekuwa imekwisha. Mwasiti alikubali. Akamwambia Injinia amekwisha kurekodi. Nyumbani alijisemea kwamba amefanya wema, na sehemu kubwa ilikuwa kweli. Sehemu iliyobaki ilikuwa woga.

*

"Tofali la kwanza limezama," Lubuva alisema.

Mwasiti hakuwa na nafasi ya kumweleza Injinia yote. Alifungua ukurasa wa sauti. Kuongea na mkufu mmoja mmoja kungewezekana, lakini kwa watu mia tatu kungemaliza siku nzima. Kwa wote kwa pamoja ilitakiwa rekodi. Alibonyeza alama nyekundu.

"Hodi," alisema.

Kioo kikaandika: *Sauti hafifu. Rudia.*

"Hodi, hodi wenyewe."

*Sauti hafifu. Rudia.*

"Mwite kama unamwita mwizi," Lubuva alisema. Alikuwa amepandisha suruali hadi magotini. "Mwite kama unaniita mimi nikiwa nimelala zamu."

Mwasiti alifumba macho. Aliiona mitandio midomoni, milango iliyokomewa, watu wakisikiliza shingo zao kwa hofu. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma.

"Hodi! Ni Mwasiti wa kituoni. Niko hai. Hodi! Fungueni midomo mjibu, maji yanaingia. Hodi!"

Kioo kikaipokea. Halafu kikauliza mambo mawili, kwa maandishi yaleyale ya kawaida. *Sauti ya zamani itafutwa. Majibu yaliyopokelewa yatafutwa: 1. Uendelee?*

Alisita pumzi moja. Nakala nyingine ya sauti ile haikuwepo popote duniani. Na yule mmoja aliyekwisha kujibu angelazimika kujibu tena. Aliyeitikia mara moja ataitikia mara ya pili, Mwasiti alijiambia. Akabonyeza.

Mara hii hawakungoja hodi ya pili. Kijani kilianzia juu ya kioo kikashuka kama mvua: hamsini, mia, mia mbili. Namba arobaini ilipogeuka, Lubuva alijifuta uso kwa kofia yake. Hodi ya tatu ilipokwisha, mia tatu na kumi na mmoja walikuwa wamejibu.

Jina moja lilibaki la manjano. Namba mia moja kumi na saba.

*Hayupo?* kioo kiliuliza.

Mwasiti alifungua njia ya mkufu ule peke yake. Ndani ya spika ikasikika pumzi ya mtu. Ikaenda, ikarudi. Mstari wa ruwaza ulipanda na kushuka kwa mpigo wa mtu aliye macho kabisa.

"Bi Mwajabu. Mama, ni mimi. Nijibu."

Pumzi ikaenda, ikarudi.

"Mama, sema karibu tu. Neno moja."

Kitu kidogo kiligonga kitu kingine huko, kama shanga kwa shanga. Neno halikuja.

Redio ilikoroma. "Binti, umebakiza nani?"

"Mmoja. Yupo. Namsikia."

"Kama hajibu, mwandike hayupo. Ghala lina dakika tisa za kufunga, maji hayatakungoja."

"Injinia, namsikia anapumua."

Sauti ya Injinia haikuwa ya mkubwa tena. "Hata mimi nikiwa hapo sijui ningefanyaje. Lakini hesabu unaijua."

Aliijua. Akimngoja mmoja na maji yakafika tofali la tatu, ruwaza za wote zitachanika, na baada ya saa thelathini hakuna hata mmoja kati yao atakayethubutu kulala. Akiandika hayupo, mama mmoja aliyeketi nyumbani kwake, mzima, macho, anamsikia, ataachwa bila mkufu, na atakayekuwa ameandika uongo huo ni yeye, yuleyule aliyemficha Injinia ukweli zaidi ya mwezi mzima.

"Tofali la pili," Lubuva alisema. Hakuwa akimtazama. "Mama yangu yumo humo. Sikusukumi, mwanangu. Lakini yumo."

Mwasiti aliusogeza mdomo karibu na kipaza sauti.

"Mama, nakukata. Ruwaza yako naitunza, lakini mkufu wako unakufa sasa hivi. Kumbuka kupumua. Usilale. Nakuja mwenyewe, usilale mpaka nifike."

Akabonyeza.

*Una hakika mtu huyu hayupo?*

"Nisamehe," alisema, na kubonyeza *Ndiyo*. Mstari wa ruwaza ulinyooka, ukafutika.

Yaliyofuata aliyafanya kwa mikono isiyo yake. Alizinyamazisha seva za kuongea, safu nzima ikafa taa baada ya taa. Akazizima za hesabu. Ghala likaanza kufunga maandishi yake, asilimia kumi, asilimia thelathini, na maji yalikuwa yamewafika magotini, baridi, yananuka udongo na mafuta ya taa. Ndoo yake ilielea ikapita. Lubuva alikuwa amekumbatia magunia ya mchanga mbele ya kabati la ghala kama mtu anayezuia ng'ombe zizini. Asilimia tisini. Maji yalipolamba ukingo wa chini wa tofali la tatu, kioo kiliandika: *Ghala limefungwa salama.*

Mwasiti akavuta swichi kubwa.

Hakuwahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya. Mashine zilipotulia, mto ndio uliosikika, karibu mno, kama umesimama nao ndani.

Walizitoa droo nane za ghala kichwani, moja moja, hadi barabarani, ambako watu wa soko walikuwa wamekwisha kuleta mikokoteni ya punda. Lubuva alipanda pamoja nazo kuelekea shule ya mlimani. Kwenye redio Injinia alisema ndege ndogo ingeleta seva za akiba na jenereta kesho, na kituo kingewaka saa sita mchana. Siyo kabla.

Kesho saa sita mchana. Mwasiti hakungoja asikie zaidi. Alivua viatu vilivyojaa maji, akakimbia kwenda Kilimani, nyumbani kwa Bi Mwajabu, kanga imemganda miguuni. Njiani watu walimwita na kumshukuru, wengine wakaigiza hodi yake kwa kelele na kucheka, na yeye alipita bila kuwaona. Kila alipovuta pumzi alijiuliza kama mwenzake naye amekumbuka kuvuta.

*

Bi Mwajabu alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, tasbihi mkononi. Kila punje aliyoisukuma alivuta, kila punje alitoa. Mkufu shingoni ulikuwa mweusi.

Mwasiti aliporomoka mlangoni kwa magoti.

"Uliniandika hayupo," Bi Mwajabu alisema. Aliongea kwa vipande, akivuta pumzi katikati. "Nilikuwepo."

"Nilijua, mama."

"Ulijua." Punje. "Na mimi nilikusikia. Nisikudanganye." Punje nyingine. "Kwanza alikuja mwenyewe. Nikamwitikia kabla hajamaliza. Majirani wanalia, mimi nimefurahi. Halafu ukaja wewe. Nikaona nikikujibu wewe, nitakuwa nimekubali kwamba yule hakuwa yeye."

Mwasiti alishindwa kuinua kichwa.

"Imefutika?"

"Imefutika. Nyingine haipo."

Tasbihi ilisimama. Ilisimama muda mrefu kupita kiasi, na Mwasiti akainua uso kwa hofu, ndipo kifua kilipoinuka tena.

"Basi," Bi Mwajabu alisema. "Mpaka lini?"

"Kesho saa sita mchana."

Mama yule alimgeukia Mwasiti, na kwa mara ya kwanza macho yake yakaonyesha woga mtupu, kama wa mtoto aliyesogea ukingoni mwa kisima bila kujua. "Nimechoka tangu jana, Mwasiti. Msibani mtu halali vizuri."

"Utalala kesho. Leo niko hapa."

Walikaa. Mwasiti alimpikia uji, akampa limau anyonye, akamsimulia habari za ndoo iliyoelea na Lubuva aliyekumbatia magunia. Bi Mwajabu alicheka kidogo, na cheko hilo likamsahaulisha pumzi, ikabidi Mwasiti amguse bega. Majirani wawili waliahidi kuja kupokezana baada ya magharibi. Jua liliwaka kama hakuna kilichotokea. Joto la mchana lilijaa chumbani, lile linaloshusha kope za kila mtu, na inzi mmoja alizunguka juu ya bakuli la uji.

Punje ikaenda. Punje ikaenda. Kichwa cha Bi Mwajabu kikalegea upande, na punje haikuenda.

"Hodi," Mwasiti alisema.

"Hodi." Alimshika mabega akamtikisa. Kifua kilikuwa kimelala. Midomo ilianza kugeuka rangi.

"Hodi!"

Mara ya tatu. Adabu ya pale inataka ukibisha mara tatu na usijibiwe, ugeuke uende zako. Mwasiti hakugeuka. Aliita ya nne, kwa sauti ambayo hakuwahi kuwa nayo, sauti iliyotoka nje ya nyumba na kuwasimamisha watu barabarani.

Kifua kikaruka. Pumzi ikaingia kwa mkwaruzo, kama mlango uliokaa siku nyingi bila kufunguliwa. Macho yakafunguka, yakatangatanga, yakamwona.

"Karibu," Bi Mwajabu alisema.

Kidole chake kikaitafuta punje, kikaisukuma. Mwasiti alimwegemeza tena ukutani, akamkalia karibu hadi magoti yakagusana, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa. Zilibaki saa ishirini na moja.